Pete ya shaba

Kelele yenyewe ilikuwa ndogo. Pete ya shaba, nene, ya kutengenezwa na fundi wa hapa hapa Lubumbashi, ilikuwa inagonga ukingo wa meza yetu ya sataranji: ko, ko, ko, halafu kimya, halafu ko. Mwenye pete alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, macho ameyaelekeza darini kana kwamba mkono ule ni wa mtu mwingine. Mimi nilikuwa mbele kwa askari mmoja, ngome zangu zote mbili zimeshika safu zilizo wazi, na saa ilinionyesha nimebakiwa na dakika 19. Ilikuwa raundi ya mwisho ya mashindano ya mkoa, na nilihitaji ushindi tu.

Aliniomba sare mara tatu. Kila mara alingoja nizame kwenye hesabu ndipo aseme, kwa sauti ya chini kama anayempa pole mfiwa. Mara ya tatu alinyoosha mkono juu ya ubao, pete ikapita mbele ya macho yangu. Nikatikisa kichwa kukataa. Nikasogeza ngome. Farasi wake akaruka, akamtishia mfalme wangu na ile ngome kwa pamoja. Hatua tisa baadaye nilimpa mkono kukubali kushindwa.

Ilikuwa Juni, majira ya baridi kwetu, vumbi jekundu na upepo unaokata masikio. Nilitoka mjini kwa miguu, nikavuka reli kuelekea Kamalondo, na njia nzima nilikuwa nabishana na yule bwana kichwani. Nilimwambia yote niliyopaswa kumwambia. Nikamjibu, akajibu, nikamjibu tena. Nilipofika kwenye lupango la Muzee, yaani uwanja wa nyumba yake, nilikuwa nimeshinda mabishano yote.

Muzee alikuwa mstaafu wa reli, na ndiye aliyenifundisha sataranji tangu nina miaka 11, chini ya mwembe wake, kwenye ubao aliouchora mwenyewe juu ya kipande cha plaiwudi. Farasi mweupe alikuwa amevunjika sikio moja. Nilimkuta ameketi na blanketi magotini. Nikaanza kabla sijakaa.

"Muzee, ule bwana alinivuruga. Aligongagonga meza na pete."

"Mara ngapi?"

Nilijua. "Karibu arobaini. Na sare aliomba mara tatu."

"Na hatua yako ya ishirini na tano ilikuwa nini?"

Nikanyamaza.

"Ya ishirini na nane?"

Karatasi yangu ya hatua ilikuwa mfukoni, lakini hakuniruhusu kuitoa. Alitaka kichwa kijibu. Kichwa hakikuwa na kitu. Kilikuwa na pete, na ile sauti ya msibani, na namna alivyotazama dari.

"Basi leo ulicheza na pete," alisema. "Bwana mwenyewe alicheza na nani?"

Hakurudia tena maneno hayo. Mama akaleta bukari na sombe, tukanawa mikono, tukala. Ila mimi niliyabeba maneno yale, na miaka yote iliyofuata nimekuwa nikijaribu kuelewa nini hasa kilitokea kwenye meza ile.

Ninavyoelewa sasa ni hivi. Mchezaji wa sataranji hatazami ubao ulio mbele yake peke yake. Anashika kichwani ubao ambao bado haupo: ubao wa baada ya hatua tatu, nne, kete fulani zimetoka, nyingine zimehama. Picha ile inashikiliwa na nguvu ya akili tu, hakuna mti wala karatasi ya kuiegemeza. Kelele haiivunji. Nimecheza karibu na mashine ya kusaga mahindi na picha ikabaki. Kinachoivunja ni picha nyingine, na hasira ni fundi mkubwa wa kuchora picha. Pete iligonga sekunde moja. Mimi ndiye niliyeendelea kuigonga dakika nne baadaye: anafanya makusudi, ananidharau, mwamuzi haoni, nikishindwa watu watasema nini. Wakati huo farasi wake alikuwa amesimama mahali pake, wazi kabisa, akisubiri.

Muzee alikuwa na mfano wake aupendao. Mwaka 1978 mkoa wetu bado ulikuwa unaitwa Shaba, na vita vya Kolwezi vilikuwa vimepita miezi michache tu. Jioni alikuwa anasikiliza redio kupata habari za Baguio, kule Ufilipino, ambako Anatoly Karpov wa Umoja wa Kisovyeti na Viktor Korchnoi walikuwa wanapigania ubingwa wa dunia kuanzia Julai hadi Oktoba. Korchnoi alikuwa ameukimbia Umoja wa Kisovyeti miaka miwili kabla, kwa hiyo chuki ilikuwepo kabla kete hazijapangwa. Karpov akaletewa yogati katikati ya mchezo, na upande wa Korchnoi ukalalamika kwamba huenda ile ni ishara ya siri. Mtaalamu wa saikolojia wa Kisovyeti, Vladimir Zukhar, akawa anakaa ukumbini akimkazia Korchnoi macho saa nzima nzima. Korchnoi akavaa miwani ya kioo inayorudisha mwanga. Baadaye akaleta wafuasi wa Ananda Marga, kikundi cha kiroho cha Kihindi, waliokaa kutafakari ukumbini. Ikawa vita ya viti na macho.

Watu wengi wakisimulia Baguio wanaishia hapo, kwenye yogati na miwani. Muzee hakuishia hapo. Alipenda kukumbusha kwamba ushindi ulihitaji michezo 6, sare hazihesabiwi, na kwamba Karpov alifika 5 kwa 2. Korchnoi, mtu wa miaka 47, aliyekuwa amechoka na amechokozwa, akashinda michezo mitatu kati ya minne iliyofuata, ikawa 5 kwa 5. Zukhar alikuwa bado yuko hai na macho yake. Korchnoi alishindwa mwishoni, katika mchezo wa 32, lakini ile wiki mbili hivi ya kurudi kutoka shimoni inanifundisha zaidi ya miwani yake. "Zukhar hakugusa kete hata moja," Muzee alikuwa anasema. Nami naongeza: Korchnoi alikuwa na uwezo huo tangu mwanzo. Sidhani kuna anayeweza kupima kiasi gani cha nguvu zake kiliishia kwenye kiti cha Zukhar, ila nikisoma malalamiko yote yale naona ni mengi, na inaniuma kwa ajili yake.

Mwaka 1971, mjini Seville, jambo la namna hiyo lilitokea kwa upole zaidi. Robert Hübner wa Ujerumani alikuwa anacheza na Tigran Petrosian, na ukumbi ulikuwa na kelele. Petrosian alikuwa na tatizo la kusikia na alivaa kifaa cha masikioni. Akakizima, akabaki na kimya chake. Michezo 6 ya kwanza ilikuwa sare. Wa 7 Hübner akashindwa, akajiondoa kabisa. Sisi wengine hatuna kitufe cha kuzima masikio. Ndiyo maana Muzee aliamua tujifunze kwa njia ngumu.

Siku ya pili baada ya ile pete, aliniambia nibebe meza hadi kwenye mlango wa jirani mwenye mashine ya kusaga. Mashine ile ikinguruma unga unaruka, akina mama wanaongea kwa kupaza sauti, watoto wanapita na mabeseni, na mara nyingi kwaya ya kanisa la nyuma inafanya mazoezi ya wimbo uleule kwa saa mbili. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Mikhail Botvinnik, bingwa wa dunia wa mwaka 1948, alifanya jambo kama hilo: alicheza michezo ya mazoezi redio ikipiga kelele na mwenzake akimpulizia moshi wa sigara usoni, kwa sababu moshi ulimsumbua. Muzee hakuwa amesoma habari hiyo. Alikuwa tu mtu wa reli aliyefanya kazi miaka thelathini karibu na vichwa vya treni.

Nilidhani nia ni kunifanya kiziwi. Wiki ya kwanza nilikaza meno, nikajaribu kutosikia, nikashindwa kila mchezo. Kujaribu kutosikia ni kazi yenyewe; unakuwa mlinzi wa mlango badala ya mwenye nyumba. Mwishowe Muzee akanionea huruma. Akasema: sikia. Sikia mashine, sikia kwaya, jua kwamba umesikia, halafu uliza ubao swali. Swali lake lilikuwa moja tu, na hadi leo ndilo ninalotumia: nani yuko peke yake? Yaani, ni kete gani, yangu au yake, haina mlinzi? Ukiuliza hivyo macho yanalazimika kutembea nyumba kwa nyumba, yaani mraba kwa mraba, kona hadi kona, na yanapotembea picha inaanza kujengeka tena. Siku ile ya mashindano, kama ningeuliza swali hilo kabla ya kusogeza ngome, ningeona kwamba mfalme wangu na ngome wangekuwa kwenye nyumba mbili ambazo farasi mmoja anazifikia.

Jambo jingine alilonifundisha ilibidi niliache. Alinizoeza kuandika hatua kwenye karatasi kabla ya kuicheza, ili mkono ukawie na hasira ipite. Wengi wa zamani walifundishwa hivyo. Lakini sheria za FIDE, shirikisho la sataranji duniani, za siku hizi hazikubali kuandika hatua mapema, na mwamuzi mmoja alinionya mbele ya watu. Sasa nakalia mikono yangu, kihalisi, viganja chini ya mapaja. Inasaidia vilevile.

Usiku wa tarehe 14 Desemba 2010 kila mtu wa mji huu anaukumbuka. TP Mazembe walikuwa Abu Dhabi, nusu fainali ya kombe la dunia la vilabu, dhidi ya Internacional ya Brazil. Muzee aliniita saa ileile ya mechi, akaweka saa ya sataranji, dakika 90 kila mmoja. Televisheni ilikuwa kwa jirani, ng'ambo ya ua wa matete. Kabangu alipofunga katika dakika ya 53, sauti iliyotoka mtaani ilikuwa kama bati la nyumba nzima limeng'olewa. Nilibaki kwenye kiti. Nikauliza: nani yuko peke yake? Nikamwona askofu wake, bila mlinzi, nikamchukua hatua mbili baadaye. Nilijisikia nimekomaa.

Kaluyituka akafunga la pili zikiwa zimebaki dakika chache. Hapo Muzee mwenyewe alisimamisha saa. Tukatoka. Masufuria yalikuwa yanagongwa, honi zinalia hadi mitaa ya Kenya na Katuba hapa mjini, na kijana wa jirani alikuwa chini vumbini akirukaruka kwa makalio kama Kidiaba, golikipa wetu, anavyofanya. Timu ya Afrika inaenda fainali ya dunia kwa mara ya kwanza, na ni timu yetu. Nililia, sina haya kusema. Muzee alinikumbatia.

Tuliporudi mezani akawasha saa. Nilikuwa na askofu mzima zaidi yake na dakika 41. Nikacheza hatua niliyoiona ni nzuri kupita zote, nikampoteza malkia. Muzee hakucheka. Alinyoosha kidole kwenye saa: nilikuwa nimetumia sekunde sita. Nilikuwa nimejifunza kurudi kutoka kwenye hasira, lakini furaha niliingia nayo mezani kama mgeni wa heshima, nikamwachia kiti changu. Tangu siku ile naogopa zaidi nafasi ninayoshinda kuliko ninayoshindwa. Nikiwa nyuma nakaa macho. Nikiwa mbele, kichwa kinaanza kuandaa namna ya kumsimulia mke wangu.

Kisha kuna kile kinachowala wachezaji wa siku hizi kuliko macho na pete: kushuku. Simu moja mfukoni ina nguvu ya kumshinda bingwa wa dunia, kwa hiyo mtu akinyanyuka mara mbili kwenda nje, akili inakimbia. Mwaka 2022 Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wa wakati huo, alijiondoa katika mashindano ya Saint Louis baada ya kushindwa na Hans Niemann, na kelele za kushuku udanganyifu zikadumu mwaka mzima. Lakini tukio ninalolirudia zaidi ni la Elista, nchini Urusi, mwaka 2006, Vladimir Kramnik na Veselin Topalov wakiwania kuunganisha ubingwa wa dunia uliokuwa umegawanyika. Kambi ya Topalov ililalamika kwamba Kramnik anakwenda chooni mara nyingi mno. Vyoo vya wachezaji vikafungwa. Kramnik akakataa kucheza mchezo wa 5, akahesabiwa ameshindwa, na mechi ikakaribia kuvunjika. Alirudi akiwa amepokonywa pointi ile, wakamaliza 6 kwa 6, na tarehe 13 Oktoba akashinda michezo ya kasi ya kuamua mshindi. Kila nikifikiria nguvu ya kukaa tena mezani na watu waliokuhesabia safari zako za choo, namheshimu.

Namheshimu kwa sababu mimi nilikuwa upande wa pili wa jambo hilo. Miaka kadhaa baada ya ile pete nilicheza na kijana mmoja kutoka Likasi. Kila baada ya hatua tatu alinyanyuka, akatoka, akakaa dakika tano, akarudi na kucheza haraka. Nilianza kuhesabu. Nilikuwa nimesahau somo lote. Nikahesabu safari, nikapima dakika, nikaanza kuona kila hatua yake kuwa hatua ya mashine, hata hatua ya kawaida kabisa ambayo mtoto angeicheza. Nikawa natafuta uthibitisho badala ya hatua nzuri. Nilishindwa, na nilienda moja kwa moja kwa mwamuzi. Mwamuzi akanitazama kwa muda. Kijana alikuwa na malaria, alimwarifu tangu asubuhi. Alikuwa anatoka kutapika. Nilimkuta nyuma ya jengo, mgongo ukutani, leso imelowa, dada yake anamshikia chupa ya maji. Nilimwomba msamaha kwa jambo ambalo hakujua nimelifanya. Akaniambia, akiniita kaka mkubwa, "Hapana shida, yaya, mchezo ulikuwa mzuri." Nusu ya mchezo ule sikuwepo.

Sisemi mtu avumilie kila kitu. Kifungu cha 11.5 cha sheria za FIDE kinakataza kumsumbua au kumkera mpinzani kwa namna yoyote, na kuomba sare ovyo ovyo kumetajwa humo kwa jina. Ningeijua sheria hiyo siku ya pete, ningesimamisha saa mara ya pili, nikamwita mwamuzi, nikasema sentensi moja. Nilinyamaza kwa heshima ya umri wake, nikadhani kunyamaza ni ukomavu, kumbe niliimeza ikaendelea kugonga tumboni. Sema mapema, mwambie mwamuzi na si mpinzani, sema kwa kifupi, kisha iwe imeisha, hata kama mwamuzi hakukupa ulichotaka. Hilo la mwisho ndilo gumu. Nimewaona watu wakishinda lalamiko na kushindwa mchezo.

Muzee hayupo tena. Ubao wake ninao mimi, na farasi asiye na sikio, na Jumamosi asubuhi watoto tisa hivi wanakuja kwenye lupango langu. Wote wamemwona kwenye simu Gukesh, kijana wa India aliyechukua ubingwa wa dunia Singapore mwaka 2024 akiwa na miaka 18, anavyokaa mezani amefumba macho kabla ya mchezo. Wanamwiga. Wengine wanasinzia, lakini siwakatazi.

Mwaka jana mmoja wao, binti wa miaka 13, alipangiwa kucheza na baba wa watu, mtu mzito, aliyekuwa anavuma wimbo puani na kugeuza kizibo cha chupa mezani. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kamba na damu inanichemka. Nilimwona akiinua mkono. Mwamuzi akaja, binti akasema maneno machache, mwamuzi akamwinamia yule bwana. Kizibo kikaondoka mezani. Wimbo ukaisha, halafu baada ya dakika kumi ukarudi taratibu. Binti alikalia mikono yake. Macho yake yalianza kutembea, kona hadi kona.

Walitoka sare. Alikuja nje amekunja uso, nikadhani ni kwa sababu ya yule bwana, nikaanza kumpa pole kwa zile kelele.

"Mwalimu, wimbo niliusikia, kwetu kanisani wanauimba," alisema, akinivuta kwenye ukingo wa ukuta. Akaanza kupanga kete juu ya saruji, bila kufungua karatasi, haraka, kila moja mahali pake. "Angalia hapa. Hatua ya 34. Ule askari wa pembeni alikuwa peke yake, na mimi nikachukua na ngome. Ningechukua na malkia, si ningeshinda?"

Nikachuchumaa kuangalia.